Kitambaa cha Wifi

Asubuhi ile jua lililala juu ya bwawa kama bati jipya. Halikumetameta, halikucheza. Lilitandazwa tu, jeupe, kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, na aliyelitazama alilazimika kufumba jicho moja. Maji yalikuwa yameshakuwa vuguvugu. Upepo haukuwa umeamka, na siku nzima haukuamka.

Jua halikuwa na haraka.

Kwenye ngazi za saruji zinazoteremka majini walisimama wanawake wawili, miguu mitupu, kofia za mpira kichwani, wakifungana vitambaa. Ndiyo iliyokuwa desturi ya kambi. Walikuja hapo kujinoa kwa mchezo mmoja wenye kazi tatu, kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, moja ikishika mkia wa nyingine bila kupumzika, na kabla ya kila zoezi kubwa mchezaji humfunga mwenzake kitambaa cha rangi yake mkononi. Chekundu cha huyu hukaa kwenye mkono wa yule. Cha buluu cha yule hukaa kwenye mkono wa huyu. Mwenzako akiona umefika mwisho wako, hakuulizi. Anavuta kitambaa chako kilicho mkononi mwake, kinaanguka chini, na kwa siku hiyo kazi yako imekwisha.

Mwenyewe hujitoi. Kocha alisema kichwa cha mtu aliyechoka ni shahidi wa uongo, na mwili hauna ulimi. Basi ulimi wake uwe mkononi mwa mwenzake.

Fundo lilikuwa jepesi, la kitanzi, mkia wake ukining'inia. Fundo moja, mvuto mmoja.

Yule mrefu, mkavu, wa maneno ya kuhesabika, alikuwa mpima ardhi, na kambi nzima ilimwita Mpima. Yule mfupi, mpana wa mabega, alikuwa msusi, na kambi ilimwita Redio, kwa kuwa tangu alipofika hakuna aliyepata kuona pa kumzimia. Wao kwa wao hawakuitana hivyo. Redio aliolewa na kaka yake Mpima, kwa hiyo huyu ni wifi na yule ni wifi. Na huyo kaka, mume wa mmoja na ndugu wa mwingine, alikuwa hapo hapo kambini: fundi wa baiskeli, karakana yake ya mabati ikitazama bwawa, magurudumu yakining'inia darini kama vyungio.

"Kaza vizuri, wifi," alisema Redio, akinyoosha mkono. "Usije ukasikia kimedondoka chenyewe."

"Hakidondoki chenyewe."

"Najua. Wewe hata chumvi unaipima kabla ya kuilamba."

Mpima alikaza fundo la buluu, akalitazama, akalikaza tena. Kisha Redio alimfunga yeye lile jekundu, na alipokwisha hakuuachia mkono wake. Alisogea karibu. Sauti ya utani aliiweka kando.

"Leo usinitoe."

Mpima alilitazama fundo.

"Nasema kweli, wifi. Leo usinitoe. Ukinitoa, nitajua ni kwa nini."

Neno hilo halikuokotwa njiani. Lilikuwa na mama yake.

Jumanne, kwenye mlima wa baiskeli, Mpima alitapika kando ya barabara, akajifuta, akashika tena usukani. Redio hakusubiri. Alivuta kitambaa cha buluu palepale, akakiacha kianguke juu ya lami, akasema kwa upole, "Kalale, wifi. Kesho nayo ni siku." Na Mpima, kinywa kichungu, mbele ya watu, alimjibu: "Ulikuwa unaingojea hii."

Redio alicheka kama anavyocheka mtu aliyezabwa kofi mbele ya wageni. Usiku wa siku hiyo walilala kwenye vitanda vinavyotazamana, kila mmoja akitazama ukuta. Tangu hapo walizungumza kila kitu, isipokuwa hicho.

Kwa sababu nafasi ya mwanamke ilikuwa imebaki moja. Gari la timu lingeondoka kesho yake na waliochaguliwa, na wengine wangerudi makwao na mabegi yao. Siku nyingine zote ni za kujenga, alisema Kocha. Siku ya mwisho, nayo ndiyo hii, ni ya kuchagua. Na kwa kuwa aliwapanga watu kwa mwendo unaofanana, ili asiwepo wa kumburuza mwenzake, aliwafunga pamoja wanawake wawili wanaoitaka nafasi moja. Hakuona tatizo. Wao waliliona, wakalikalia kimya, kila mmoja akidhani ni aibu kuwa wa kwanza kulitaja.

Basi wakaingia majini. Kitambaa kilikuwa mkononi.

Majini hapakuwa na nafuu. Maji yalikuwa mazito, yenye joto la kikombe kilichosahauliwa mezani, na kila pumzi ilikuja na ladha ya tope. Mkono unaingia, mkono unatoka. Kushoto Mpima anaona ukingo, kulia anaona kofia ya njano ya wifi yake ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, sawasawa na yake, kama vivuli viwili vya mtu mmoja. Mkono unaingia, mkono unatoka. Kitambaa chekundu kikipita chini ya uso wake, kikipotea, kikirudi.

Walitoka pamoja. Walipanda baiskeli pamoja. Barabara ya lami ililizunguka bwawa kwa mbali, ikapanda, ikateremka, ikapanda, na mbele yake daima palikuwa na dimbwi la uongo linalong'aa, na walipolifikia limeshahamia mbele zaidi. Lami ilinata. Vyuma vya usukani viliunguza kiganja kupitia glovu. Kwenye mapaja jasho lilishuka, likakauka kabla ya kufika gotini, na migongoni chumvi ilianza kuchora ramani.

Redio alikuwa hewani.

"Dereva," alimwita mwanamume aliyewatangulia, aliyewahi kuendesha malori kabla ya kuanza michezo, "mbona unatembea kama umebeba mayai?"

"Nimekubeba wewe mgongoni, Redio. Shuka, uone."

"Nikishuka utapaa. Nakuonea huruma."

Hata Kocha, aliyewafuata kwa pikipiki, alitabasamu nusu mdomo. Mpima hakucheka, lakini alisikiliza. Sauti ile ilikuwa kipimo chake. Ilipopanda alijua wifi yake ana pumzi. Ilipokatika katikati ya neno alijua ni mlima. Miaka yote hiyo katika familia moja alikuwa ameiona sauti ile kama kero. Siku hiyo aliishika kama mtu anavyoshika kamba ya kisima.

Saa ya mchana ilipofika, vivuli viliingia chini ya vitu vyake vikajificha. Cha mti kilikuwa chini ya mti, cha mtu kilikuwa chini ya nyayo zake. Jua halikuwa na haraka. Lilikuwa limeshafika.

Mbele ya karakana Fundi alizipokea baiskeli, moja mkono huu, moja mkono ule. Nyuma yake lilikuwepo pipa lililopasuliwa kwa urefu, limelazwa kama hori, na ndani yake maji na mabonge ya barafu ya kuwapoza miguu wakimaliza. Aliwatazama wote wawili wakivaa viatu. Alimtazama mkewe, akamtazama dada yake, wala hakuchagua wa kumwambia.

"Muangaliane," alisema.

Lilikuwa neno dogo. Alilisema kama mtu anavyosema fungeni mlango.

Zilibaki mbio. Mizunguko mitano juu ya tuta la bwawa, njia ya vumbi jeupe, mawe ya kuzuia maji upande wa ndani, mteremko wa nyasi kavu upande wa nje. Palikuwa na alama tatu tu: meza ya maji, nyumba ya pampu, na nguzo ya umeme ambapo Kocha alisimama na saa yake. Hapakuwa na mti. Vumbi liliinuka kwa kila hatua likabaki hapo hapo lilipoinuliwa, kama lililosahau kazi yake.

Mzunguko wa kwanza, Redio alikuwa bado hewani, ingawa kwa vipande.

"Wifi. Nikifika, nakunywa hili bwawa lote. Wewe utabaki kupima matope."

Na hapo Mpima alicheka. Kicheko kilimchoma kifuani, akakimeza.

Mzunguko wa pili, kwenye nyumba ya pampu, redio ilizimika.

Haikuzimika katikati ya neno, kama inavyozimika mlimani. Haikukoroma. Ilizimika tu, na nafasi yake ikajazwa na mlio wa pampu, na nyayo, na nyayo. Mpima aligeuza kichwa. Wifi yake alitazama mbele, macho wazi, na mikono yake, iliyokuwa ikitiririka jasho tangu asubuhi, sasa ilikuwa mikavu na yenye vumbi kama chaki.

Mpima aliona. Na hili lisemwe bila kupambwa, kwa kuwa ndilo jambo lenyewe: aliona mapema. Aliona kabla ya Kocha, kabla ya Dereva, kabla ya mtu yeyote. Alijua maana ya ngozi kavu chini ya jua kama lile, kwa sababu Kocha aliwafundisha siku ya kwanza, na yeye si mtu wa kusahau anachofundishwa.

Anaikusanya pumzi, alijiambia. Hicho ni kipimo kimoja.

Kazini kwake hakuandika namba aliyoipima mara moja. Alipima kwenda, akapima kurudi, akahamisha chombo akapima kutoka upande wa tatu, ndipo akafungua kalamu. Watu walimpendea hilo. Alipoitwa kusimama kati ya majirani wanaogombea mpaka, hakupokea kwao hata glasi ya maji; alivumilia kiu juani siku nzima ili asiwepo wa kusema kwamba Mpima aliegemea huku au kule. Na kweli hakuna aliyewahi kusema. Jina hilo alilijenga peke yake, jiwe kwa jiwe, na ndilo alilokuwa nalo.

Mzunguko wa tatu, mezani, Redio alichukua kikombe. Alikiinua kwa uangalifu, kama mtu mbele ya wakwe, akakiegemeza shavuni. Maji yakamwagika shavuni, shingoni, begani. Alikirudisha kikombe mahali pake. Hapakuwa na mtu nyuma ya meza.

"Asante," aliiambia meza.

Vidole vya Mpima viliupata mkia wa kitambaa vyenyewe, bila kutumwa. Viliushika. Fundo moja, mvuto mmoja.

Ewe mkono, wewe hukuwa na hatia. Wewe uliujua mwili kwa mwili, kama ng'ombe anavyoijua mvua. Ulikuwa umeshakunjika. Kilichokuzuia kilikuwa huku juu, kwenye kichwa kilichonyooka, kilichooshwa, kilichosomeshwa, kikipiga hesabu zake.

Kwa sababu kile kichwa kilisikia. Kilisikia, *ukinitoa nitajua ni kwa nini*. Kilisikia, *ulikuwa unaingojea hii*, kwa sauti yake mwenyewe. Kilimwona Dereva akikunja midomo. Kiliwasikia wanawake wa familia jikoni, visu vikipumzika: alilipiza, yule, nafasi ameipata kwa mkono, si kwa mguu. Kilimwona kaka yake akinyamaza mezani. Na kilikuwa na hoja nzuri, hoja ya mtu mwadilifu: kama unaitaka nafasi, ndipo usimguse mwenzako, kama una faida ndani yake, subiri ushahidi usio na shaka. Vipimo viwili si vitatu.

Akauachia mkia.

Tangu siku hiyo amejiuliza mara nyingi kama aliitaka ile nafasi kiasi hicho. Jibu lake ni hapana, na ni jibu la kweli. Hakumwacha wifi yake aungue ili amshinde. Alimwacha aungue ili asionekane anataka kumshinda. Ukiyaweka mambo hayo mawili kwenye mizani, yana uzito tofauti. Ukiyaweka juani, yanaunguza sawa.

Jua halikuwa na haraka.

Walipita nguzo. Kocha aliwaona wakipita bega kwa bega, mwendo ule ule, akatazama saa yake akaridhika. Kutoka pale alipo, mtu anayekufa kwa joto na mtu anayejitahidi wanafanana. Ndiyo sababu aliwapa vitambaa.

Mzunguko wa nne. Njia ilikuwa nyeupe, mbingu ilikuwa nyeupe, na kati yake bwawa lilisimama wima kama ukuta uliopakwa chokaa. Hatua za Redio zilianza kutua vibaya, kisigino kikiburuza, vidole vikitafuta ardhi kama miguu ya mtu anayeshuka ngazi gizani. Kisha alizungumza. Sauti haikuwa yake; ilikuwa ya mtoto aliyeamshwa.

"Mama amefunga mlango?"

"Mama yupi, wifi?"

"Ufungeni. Vumbi linaingia."

Mama yake Redio alifariki zamani, kabla hajaolewa.

Vipimo vitatu.

Sasa Mpima alikuwa na hakika, na hakika yake ilikuwa safi, isiyo na doa, ya kuapia mbele ya hakimu. Aliushika mkia. Alifungua kinywa. Akatazama huku na huku, na juu ya tuta hapakuwa na mtu. Dereva alikuwa upande wa pili wa maji, mdogo kama msumari. Kocha alikuwa kwenye nguzo, mbele, mwisho wa mstari ulionyooka.

Hapa hakuna shahidi, alijiambia. Nikivuta hapa, litakuwa neno langu juu ya lake. Nitavuta kwenye nguzo, mbele ya Kocha, ili aone kwa macho yake hali aliyonayo.

Umbali ule aliupima kwa jicho, na jicho lake halikukosea.

"Twende pole pole, wifi. Tufike pale tu."

Wifi yake alitii. Hilo ndilo lililomtia hofu ya kwanza halisi. Katika maisha yao yote, alikuwa hajapata kutii. Alikwenda naye hatua kadhaa, mpole, macho kwenye kitu kisichokuwepo. Kisha akakata kushoto. Njia haikukata kushoto. Alikata kama mtu anayeijua njia ya kwao, kwa uhakika kabisa, akaliacha tuta, akashuka kwenye mawe. Hakulia. Goti lilipiga jiwe, kisha kiwiko, kisha kichwa, na sauti zilikuwa tatu, kila moja peke yake.

Kitambaa kilikuwa mkononi.

Mpima alishuka kwenye mawe kwa mikono na makalio. Ngozi ya wifi yake ilikuwa ya moto kama chuma cha usukani, na ndani ya moto ule mwili ulitetemeka kwa baridi. Aliita. Aliita kwa sauti ambayo hakujua kuwa anayo, na sauti hiyo ilivuka maji, ikamfikia Dereva, ikamfikia Kocha, ikaingia karakanani ambako kaka yake alikuwa akinyoosha gurudumu. Wote walikimbia. Siku nzima hakuna aliyekimbia vile.

Dereva alimbeba begani kama gunia. Wakamlaza ndani ya pipa, nguo na viatu, maji yakapanda yakamwagika, barafu ikagonga vyuma. Fundi alipiga magoti nyuma ya kichwa cha mkewe akakishika kisizame, mikono yake myeusi kwa mafuta juu ya mashavu yale. Hakumwita kwa jina la kambini wala la nyumbani. Alisema tu, "Nipo. Nipo. Nipo," kama mtu anayejaza mpira upepo.

"Mwenza wake ni nani?" aliuliza Kocha. Alikuwa akipiga simu, na aliuliza bila kufikiri, kama anavyouliza mtu anayeyajua majibu yake yote.

Kocha aliinua macho. Aliona kitambaa chekundu kwenye mkono wa Mpima, fundo zima, mkia ukidondosha maji. Akageuka, akaendelea na simu.

Na ndani ya pipa, kati ya mabonge, vidole vya Redio vilikuwa vikitembea. Vilitambaa kwenye mkono wake mwenyewe, vikapapasa, vikafika kwenye buluu. Kisha kitambaa cha buluu kilikuwa kimelegea kikielea. Labda maji yalikilegeza. Labda alikivuta. Labda, kule alikokuwa, alimwona mtu aliyefika mwisho wake akamtoa, bila kuuliza, kama alivyofanya Jumanne. Mpima alikuwa karibu kuliko wote, na alikuwa akitazama. Hajui. Hilo moja hakuwa na kipimo chake.

Gari la wagonjwa lilifika likitimua vumbi. Fundi akaingia nalo.

Baadaye ni kusubiri, na kusubiri hakuna la kusimulia. Wachezaji walikaa chini ya ukuta, viatu vikiwa vimevuliwa, pasipo mtu wa kumtania mwingine. Dereva alianza kusema jambo, akaona hakuna redio ya kulijibu, akaliacha. Jua lilianza kushuka upande wa pili wa bwawa kwa mwendo wake ule ule.

Kocha alimkuta Mpima kando ya pipa. Alisimama akitazama maji.

"Gari linaondoka asubuhi," alisema. "Nafasi ni yako. Hakuna mwingine."

"Changu nacho kilianguka. Kimo humo ndani."

Kocha aliinama, akakiona kile cha buluu, kimezama.

"Hicho hakihesabiwi."

"Nani amesema?"

Alifikiri. Sheria ilikuwa yake, na kwa mara ya kwanza hakuijua. Akaondoka akitembea polepole, akiivua saa mkononi kama imembana.

Jua lilikuwa limegusa ukingo Fundi aliporudi. Alirudi kuchukua vitu. Hospitali ilitaka shuka, kandambili, nguo za kubadilisha. Aliingia bwenini, akatoka na begi la mkewe, zipu yake haijafungwa, mkono wa blauzi ukichungulia. Alipita karakanani akazima taa ya benchi. Kisha akaja akasimama upande wa pili wa pipa, na kwa muda walikuwa kaka na dada tu, watu wawili wenye paji la uso moja.

"Anapumua kwa mashine," alisema. "Figo hazifanyi kazi. Kichwani hawajajua bado. Wanasema kama angeingizwa kwenye maji mapema kidogo."

Hakuimalizia sentensi hiyo, na daktari naye, labda, hakuimalizia.

"Kaka."

"Uliona lini?"

Angeweza kusema: alipoanguka. Hakuna aliyekuwepo. Angeweza kusema: ghafla tu. Lakini alikuwa Mpima, na hakuwahi kuandika namba ya uongo, na hiyo ndiyo heshima pekee iliyokuwa imembakia ya kumpa.

"Mzunguko wa pili. Kwenye nyumba ya pampu."

Fundi aligeuza uso akalitazama tuta. Alilifuata kwa macho, kuanzia nyumba ya pampu, nguzo, meza ya maji, nyumba ya pampu tena, nguzo tena, akizunguka na mkewe juani, taratibu, mpaka kwenye mawe. Alichukua muda. Mpima aliona shingo yake ikigeuka na hakumharakisha.

Alipomgeukia hakupiga kelele. Hakutukana. Aliweka begi chini, akauchukua mkono wa dada yake kama anavyochukua kitu kilichoharibika kikaletwa kwake, akaugeuza, akakichunguza kile chekundu: jinsi kilivyozungushwa, kilivyokunjwa, kilivyofungwa. Alikuwa mtu wa vyuma na nyaya, na mafundo alikuwa hayajui. Kwa vidole viwili alishika mkia.

Akavuta mara moja.

Kitambaa kiliachia chote, bila kukwama, kikateleza juu ya kifundo cha mkono, kikaanguka majini. Fundi aliyatazama maji, kisha vidole vyake.

"Kumbe ni rahisi hivi," alisema.

Akachukua begi akaenda.

Mpima alibaki. Barafu ilikuwa imeyeyuka yote. Lile jua lililotandaa asubuhi kutoka ukingo hadi ukingo, ambalo bwawa zima halikulitosha, sasa lilikuwa limeingia ndani ya pipa: duara jekundu, dogo, la kuweza kufunikwa kwa kiganja, limelala juu ya vitambaa viwili. Alinyoosha mkono mtupu akauingiza. Maji yalikuwa vuguvugu. Jua likavunjika vipande vipande kati ya vidole vyake, likatulia, likajiunga tena, wala halikuwa na haraka.